Mwanafunzi wa Nyuma ya Mlango

Manika, 28 Oktoba 1984

Ngalula mwanangu,

Nakusalimu kwa wingi, mimi pamoja na magoti yangu mawili, moja bovu kweli na lingine la kusingizia. Huku tupo. Mvua ya kwanza imenyesha Jumanne na majirani zangu wa Manika tayari wanagombania mipaka ya mahindi. Watoto wako wanne ni wazima. Kabedi amerefuka, Badibanga amepoteza jino katika ugomvi anaosema hakuuanza, Kalombo anakula, na Elise wetu mdogo anauliza kila siku kama Kasaji unakosoma ni mbali kuliko mbinguni.

Sasa kaa chini. Mvua hiyo ilikuja na upepo, na upepo ukang'oa paa la shule yao kule Musonoi. Mabati yalitua kwenye mashamba ya mihogo na hayakurudi yote. Citoyen mkurugenzi wa shule ametuita akasema madarasa yamefungwa mpaka Pasaka. Mwenye uwezo apeleke mtoto mjini, asiye na uwezo amfundishe nyumbani. Baada ya Pasaka atampima kila mtoto yeye mwenyewe, na aliyezembea atarudishwa darasa moja nyuma.

Usianze kufunga mizigo, nakujua. Nimefundisha kwa masista miaka ishirini na miwili, sitashindwa na wajukuu wanne. Nitakuwa naenda Musonoi kila siku kwa miguu, na darasa ni jiko lako.

Shida ni moja, nayo unaijua. Jiko hilo limeshikana na nyumba ya mkwe wangu, na kwa mila yetu sisi tuliotoka Kasai mimi sikai naye chumba kimoja, simtazami usoni, sili mbele yake, wala jina lake silitaji. Basi tumepanga hivi, kwa kumtuma Kabedi huku na huku: akiwa zamu ya asubuhi kule machimboni nafundisha asubuhi, akiwa zamu ya mchana nafundisha mchana. Wiki ya zamu ya usiku, yeye akiwa amelala ndani, nafundisha jikoni mlango wa katikati ukiwa umefungwa. Akitaka kupita jikoni kwenda uani anakohoa mara tatu, nasi wote watano tunageukia ukutani mpaka apite. Elise anafikiri hilo ni somo la mazoezi ya viungo.

Wewe soma ukunga wako utulie.

Mama yako,
Tshiela


Kasaji, 18 Novemba 1984

Mamu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kasaji, ambako kila mtu ana baiskeli na kila baiskeli ina kuku amefungwa nyuma. Barua yako imekaa siku kumi na sita kwenye mfuko wa koti la Ngeleka, yule wa treni, kwa sababu alibadilisha koti. Mimi ni mzima. Nimeshasaidia kuzalisha mara saba, na mtoto wa saba ni mapacha, kwa hiyo niseme wanane.

Mamu, nimelia kidogo kwa ajili ya hilo paa, halafu nikacheka kwa ajili ya ukuta. Lakini nisikilize vizuri. Sikuwaacha watoto wangu ili nije kupokea watoto wa watu huku wangu wanabaki wajinga. Mtoto mmoja tu akirudishwa darasa, mimi naacha hiki cheti na kurudi nyumbani. Nimeapa, na mwalimu wetu wa ukunga nimemwambia.

Nieleze unafanyaje. Kabedi yuko la sita, Badibanga la nne, Kalombo la pili, na Elise hajui hata kushika kalamu. Unawafundishaje pamoja?

Na Baba Kabedi anaendeleaje? Hajaniandikia. Najua ana kazi nyingi.

Mwanao,
Ngalula


Manika, 9 Desemba 1984

Ngalula,

Asante kwa asali. Ngeleka amenikabidhi chupa ikiwa nusu, akasema barabara ya reli inatikisa sana. Noeli inakaribia, na kwaya ya kanisa letu imeanza kugombana kama kila mwaka.

Unauliza nafundishaje wanne pamoja. Nachukua sahani ya maharage. Elise anahesabu kumi. Kalombo anatoa matatu anayodai yameoza. Badibanga anagawanya yaliyobaki kwa wapishi wawili, na Kabedi ananiambia kila mpishi amepata sehemu gani ya sahani nzima. Ijumaa tunachemsha somo lote na kulila. Tangu nianze hivyo hakuna mtoto aliyechelewa darasani siku ya Ijumaa.

Ubao ni mlango wako wa katikati. Usikasirike. Nimeupaka weusi wa betri za zamani uliosagwa na majani ya muhogo, na chaki yetu ni muhogo mkavu. Chini kabisa ni mahali pa Elise, juu yake Kalombo, kisha Badibanga, na juu ya Badibanga ni Kabedi. Juu ya Kabedi mlango ulikuwa mtupu, maana hakuna anayefika.

Nasema ulikuwa. Wiki iliyopita niliacha hesabu ya kugawanya ya Badibanga bila jibu. Kesho yake nimekuta jibu, juu kabisa, mahali ambapo mimi mwenyewe siandiki bila kigoda. Namba kubwa, za kusukumwa kwa nguvu, na muhogo umevunjika. Tena jibu lenyewe si sahihi. Nikauliza nani kaandika. Watoto watatu wakatazama dari. Elise akaniambia mimi bibi yake, "Kaku, njo ta…" na Kabedi akamziba mdomo.

Sikuuliza tena. Nilipanda kigoda, nikasahihisha, nikaandika pembeni: Rudia. Asubuhi iliyofuata ilikuwa imerudiwa, safari hii sawasawa.

Basi Ngeleka akirudi nitumie kaye tano, madaftari ya mistari, na kalamu tano. Huyu wa tano ana mwandiko wa kutia huruma lakini ana bidii kuliko wengine wote. Dikte, yaani imla, anaichukia. Sijawahi kupata mwanafunzi anayenifurahisha hivi tangu enzi za masista.

Mama yako,
Tshiela


Kasaji, 6 Januari 1985

Mamu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa watoto. Noeli ilikuwa nzuri, tulikula nguruwe wa mwituni na nilizalisha mara mbili kati ya misa na chakula. Mvua imekata njia, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Mamu, nimehesabu. Kaye tano. Mimi nilizaa wanne, na kila mmoja namkumbuka vizuri sana.

Nimeisoma barua yako mara sita. Darasani kwangu mna mtoto wa tano, anaandika na watoto wangu, anakufurahisha, na Kabedi anamziba mdomo mdogo wake asimtaje. Hao watatu wanatazama dari kwa nini? Nani amewafundisha kutazama dari?

Halafu nimemuuliza Ngeleka. Anasema Baba Kabedi siku hizi anapita mitaani kwenye cité akipiga mluzi, na amemwona sokoni Manika akinunua kifutio na penseli ya rangi mbili. Mwanamume ambaye mke wake yuko mbali anapiga mluzi wa nini? Anamnunulia nani penseli?

Nakutumia kaye nne. Niambie, Mamu, huyo mtoto ni wa nani, na mama yake anakaa wapi.

Ngalula


Manika, 27 Januari 1985

Mwanangu mwenye hasira,

Nakusalimu. Goti la kusingizia nalo limeanza kuuma kweli, ndiyo malipo ya uongo wangu. Kalombo alikuwa na homa, imepita. Elise anaandika jina lake, ila kwa sasa linaanzia kulia.

Nimepokea kaye nne. Ya tano nimeishona mwenyewe kwa karatasi za mifuko ya saruji. Mwanafunzi hakulalamika.

Swali lako nimelisoma. Siwezi kukujibu, niliombwa nisiseme, na ombi lenyewe lilifika kwa njia ambayo siwezi kuijibu. Lakini nitakuambia yale ninayoruhusiwa, ili ulale vizuri. Mwanafunzi wa tano si mgeni. Anakula kwako. Ana meno yote. Tabia yake ni njema, isipokuwa akikosea anagonga ngumi mpaka sufuria zinacheza. Umri sijamuuliza. Sura yake siku hizi siijui sana, lakini watu wanasema anafanana na Badibanga kupita kiasi.

Amefika kwenye kugawanya kwa namba mbili. Wiki hii aliniandikia sentensi yake ya kwanza kamili. Nimeifunika na gazeti ili watoto wasiifute.

Unaona sasa kwamba hakuna cha kukuumiza kichwa.

Mama yako,
Tshiela


Kasaji, 17 Februari 1985

Mamu,

Nashukuru kwa salamu.

Anafanana na Badibanga kupita kiasi. Vizuri. Na wewe, mama yangu mzazi, unamshonea kaye.

Nimeomba ruhusa ya kuondoka. Mwalimu amesema nikitoka kabla ya Julai jina langu linafutwa, na nimemwambia afute. Napanda treni ya Ijumaa tarehe 8 Machi. Mwambie huyo bwana asiende kazini siku hiyo, na mtoto wake awe amekaa hapo jikoni, nimwone.

Ngalula


Manika, 26 Februari 1985, kwa mkono wa Ngeleka, si kwa posta

Ngalula,

Leo salamu zingoje. Nimemwapisha Ngeleka kwa Biblia na kwa koti lake kwamba barua hii itakufikia kabla hujapanda treni.

Mwanafunzi wa tano ni mume wako.

Nimechezea moto, nakiri. Nilipoona kwenye barua yako ya Januari kwamba hujaelewa, nilicheka peke yangu barabarani kutoka Musonoi mpaka Manika, na nikaandika jibu langu kwa ukorofi. Nilidhani utasoma "ana meno yote" na kupata jibu. Nilisahau kwamba mwenye wivu hasomi, anahesabu tu. Nisamehe, mwanangu. Nimeogopa tangu jana, na mimi si mtu wa kuogopa.

Sasa yasikilize yote, hata kama niliombwa nisiseme.

Ilianza ile wiki ya zamu ya usiku mwezi wa Novemba. Yeye alikuwa ndani akijifanya amelala. Nilikuwa namfundisha Kalombo silabi, ba, be, bi, nikasikia nyuma ya mlango mtu anarudia kwa sauti ya chini, ba, be, bi. Nikafikiri ni redio. Nikasema bo. Redio nayo ikasema bo. Kabedi akanitazama kwa macho ya kuniomba nisicheke, nami sikucheka. Niliongeza sauti tu, nikaenda polepole kuliko Kalombo anavyohitaji.

Baadaye wajumbe wakaanza. Kabedi anaingia ndani kuchukua maji, anatoka na neno la baba yake, "Kaku, tata anasema ueleze tena ile ya kugawanya, polepole, juu batoto habakusikia muzuri." Batoto wakati huo walikuwa wamemaliza zamani na wanapigana kwa vijiko. Naeleza tena, nikiutazama mlango. Siku moja Badibanga alimuuliza wazi, tukiwa wote tunasikia, "Tata, ni weye unaandikaka kule juu?" Naye akajibu kutoka ndani, "Mi sijue kitu. Mi nalala."

Wewe unajua kwamba kwa miaka miwili machimboni wanataka kumfanya kapita, msimamizi wa zamu, naye anakataa na kusema anapenda kamio yake, lile lori la mawe. Kapita anaandika ripoti kila mwisho wa zamu: kamio ngapi, tani ngapi, nani hakuja, mashine gani imekufa. Sasa umeelewa kwa nini alipenda kamio. Mwezi wa Aprili wanamuuliza kwa mara ya mwisho. Na alikuja kumwambia Kabedi, "Ambia Kaku asiseme kwa mama yako. Ngalula anajua mi nilimaliza la sita."

Alikudanganya wakati wa uchumba, na amebeba uongo huo miaka kumi na tatu. Kama unataka kumchukia kwa hilo, mchukie, lakini usipande treni kwa sababu ya mtoto asiyekuwepo. Ukishuka hapa na mzigo wako, atajua nimesema, hatasoma tena neno moja maishani, na wewe utakuwa umeacha cheti chako bure.

Penseli ya rangi mbili ni yangu. Ile nyekundu nasahihishia. Aliinunua akaiacha juu ya kigoda bila kusema kitu.

Mama yako mwenye makosa,
Tshiela


Kasaji, 10 Machi 1985

Mamu,

Nakusalimu nikiwa bado Kasaji. Ngeleka alinipata stesheni, nimekaa juu ya mzigo wangu, treni imeshapiga honi. Nilisoma nimesimama. Halafu nikakaa tena. Wenzangu wa safari walinipungia mikono dirishani nikawapungia, na treni ikaenda. Nilirudi misheni, shuleni kwetu, kwa baiskeli ya mtu, na kuku wake. Mwalimu hakuwa amefuta jina langu. Alisema wino wake ulikuwa umekwisha, lakini nilimwona akiandika nao mchana huo huo.

Sasa zamu yangu ya kukiri.

Mamu, mimi nilijua. Nilijua tangu mwaka wa pili wa ndoa. Tangazo la kazini likiletwa nyumbani, anasema amechoka, macho yanamuuma. Basi nikawa nalisoma kwa sauti kubwa, nikijifanya namsomea Kabedi, ambaye alikuwa na miezi minane. Nikimaliza yeye anasema, "Eeh, nilikuwa nimeshaiona." Miaka yote hiyo nimesoma kwa sauti, hata karatasi za dawa, hata maandishi ya kwenye kopo la maziwa. Watoto wanafikiri mama yao hawezi kusoma akiwa amefunga mdomo.

Kwa hiyo sikukasirika kwamba hakumaliza la sita. Niliposoma barua yako nilicheka pale stesheni, halafu nikalia, na kilio kikakaa kuliko kicheko. Miaka kumi na tatu nililala naye kitanda kimoja nikimngoja aseme neno moja tu: nifundishe. Ningemfundisha kwa furaha. Hakusema. Halafu nimeondoka miezi miwili, ameenda kujifunza kwa mtu ambaye hata kumtazama hawezi. Nilimwonea wivu mtoto ambaye hayupo. Leo nakuonea wivu wewe, mama yangu.

Niambie ni nini ulichompa wewe ambacho mimi sikuwa nacho.

Sitamwambia kwamba najua.

Ngalula


Manika, 21 Aprili 1985

Ngalula wangu,

Natumaini Pasaka imekukuta salama. Huku tuliimba mpaka kwaya ikapatana. Paa la shule limerudi, na sehemu yake ni yale yale mabati ya zamani, nayatambua kwa matundu.

Nianze na kile unachokisubiri. Alhamisi citoyen mkurugenzi amewapima watoto wako, mimi nikiwa nimekaa nje ya dirisha nikijifanya nauza karanga. Kabedi amepita vizuri, na atafanya mtihani wa mwisho wa la sita pamoja na wenzake. Kalombo amepita. Elise hakuwa wa kupimwa lakini aliingia, akaandika jina lake ubaoni kutoka kushoto, akatoka bila kuaga.

Badibanga ndiye aliyenitoa jasho. Swali lilikuwa: vikapu ishirini na vitano vya muhogo vigawanywe kwa wafanyabiashara wawili. Mtoto wako akaandika: Kila mmoja kumi na mbili, na kile kimoja kingoje zamu ya mchana. Mkurugenzi akavua miwani. Akauliza, "Huyu mutoto banamufundisha wapi?" Badibanga akasema, "Jikoni, citoyen. Na tata, ila yeye analalaka." Mkurugenzi alicheka mpaka nikasahau karanga. Kisha akampa swali lingine, la kweli, nusu na robo, na mtoto akalitafuna. Amepita. Hakuna aliyerudishwa. Kaa hapo ulipo.

Na kuhusu kile ulichoniuliza, nimekifikiria nikitembea, ndiyo maana nimechukua muda.

Sikumpa kitu. Wewe una ujuzi, una upole, na kusoma kwako kwa sauti kumemshikilia miaka kumi na tatu, hilo ni kubwa kuliko darasa langu. Lakini wewe unamtazama. Akikosea mbele yako, anaona uso wako, hata kama uso huo unampenda, na hasa kwa sababu unampenda. Mimi simwoni. Mila inanikataza. Akikosea anakosea gizani nyuma ya mbao, anagonga ngumi yake, anarudia, na kesho yake hakuna mtu duniani aliyemwona. Wazee walituwekea haya hiyo ili tuheshimiane, na sidhani kama walifikiria kugawanya kwa namba mbili. Lakini imetufaa. Usinionee wivu. Mimi nimempata akiwa amejificha, wewe utampata akiwa wazi.

Jumatatu amekubali kuwa kapita. Nilijua kwa sababu alijaribu ripoti yake ya kwanza kwenye mlango, juu kabisa. Kamio thelathini na moja, hakuna aliyekosa. Nikaweka alama: nane juu ya kumi. Mbili nimemnyima kwa mwandiko.

Mama yako,
Tshiela


Kasaji, 19 Mei 1985

Mamu wangu,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Watoto niliowapokea wamefika arobaini na watatu, na mmoja amepewa jina langu, maskini, ataanza wivu mapema.

Nilisoma barua yako. Siku mbili niliikasirikia, siku ya tatu nikaielewa.

Mamu, amenielezea yote. Amenielezea yeye mwenyewe, kwa barua, mistari minne, mwandiko wa kusukumwa kwa nguvu kama ulivyosema. Sitakuambia ameandika nini. Ninalala nayo. Nimemjibu kwamba nimeisoma nikiwa nimefunga mdomo.

Jambo moja tu kati ya yale aliyoandika naweza kukugawia, kwa sababu linakuhusu. Anataka kukushukuru uso kwa uso. Ameshanunua mbuzi, yule mbuzi wa kuondoa haya kati ya mkwe na mama mkwe, kama mila inavyotaka. Ukimpokea, mtaweza kukaa meza moja, kula, kuzungumza, hakuna tena kukohoa wala kugeukia ukuta. Nafikiri ni vizuri, Mamu. Umechoka na kigoda. Nikirudi Julai nataka kuwaona wote mmekaa mahali pamoja.

Mwanao,
Ngalula


Manika, 9 Juni 1985

Ngalula,

Salamu kwako na kwa wale arobaini na watatu. Kabedi anasomea mtihani wake kwa utulivu unaonitia shaka. Mahindi yamevunwa, majirani wamepatana.

Kwanza, usijisifu kuhusu barua hiyo unayolala nayo. Rasimu yake ilikuja kwangu kwenye ile kaye ya karatasi za saruji. Niliisahihisha mara tatu, nikiwa nimefumba jicho moja kwa heshima. Mstari wa tatu una kosa, nimeliona, na nimeliacha kama lilivyo. Hapo hakuhitaji mwalimu.

Pili, mbuzi. Aliletwa Jumapili na Badibanga, amefungwa utepe wa Noeli shingoni. Mbuzi mzuri. Nilimtazama muda mrefu, maana napenda nyama, nawe unajua. Halafu nikamrudisha.

Usikunje uso. Nikimla mbuzi huyo, kesho yake mume wako atakaa mbele yangu kama mkwe mwenye adabu. Nitamwona. Akikosea neno nitamwona amekosea, naye ataona kwamba nimemwona, na siku hiyo shule yetu imefungwa bila upepo wowote. Yuko la nne tu, Ngalula. La tano na la sita ni kwa Kifaransa, na kule anahitaji mlango kuliko huku alikotoka. Nikaandika ubaoni, kwa mara ya kwanza nikimwandikia yeye wazi bila kupitia kwa mtoto: Mbuzi nitamla mwanafunzi akimaliza la sita. Mpaka wakati huo mlango ubaki umefungwa.

Jumatatu nimefika, nikapanda kigoda kusoma jibu. Alikuwa ameandika hivi, bila kosa hata moja:

"Mbuzi ni jike. Anazaa wawili kila mwaka. Mwanafunzi amebakiza miaka miwili. Mwalimu ahesabu atakula mbuzi wangapi."

Mwanangu, katika ukoo wetu mkwe hamtanii mama mkwe. Hata baba yako na mama yangu, waliokaa kiambo kimoja miaka tisa, hawakuthubutu. Na huyu amenitania, kwa maandishi, na ukimya wake wote. Niliteremka kwenye kigoda nikakaa sakafuni nikacheka mpaka goti likaniuma, lile bovu kweli. Watoto walicheka pamoja nami. Na nyuma ya mlango, Ngalula, kulikuwa na mtu anacheka pia, kwa sauti, wala hakujaribu kukohoa.

Tulifanya hesabu hiyo asubuhi nzima, wote watano pamoja naye wa ndani. Elise anasema watano, Kalombo anasema inategemea kama wadogo nao watazaa, na Badibanga anataka kujua nani atakuwa zamu ya kuwachunga. Njoo Julai na cheti chako utuamulie, lakini ukifika, ingia kwa mlango wa mbele.

Mama yako,
Tshiela